Cheti Kilichosahau Jemoset

Seva ya barua pepe ya Umoja wetu wa shule ilikaa miaka mingi katika chumba kidogo nyuma ya ofisi, hapa Eldoret, mwendo mfupi kutoka mtaa wa West Indies. Zamani chumba hicho kilikuwa ghala la vitabu vya nyimbo, na hata baada ya kutiwa nyaya na vitaa vinavyopepesa, aliyefungua mlango alipokelewa kwanza na harufu ya karatasi za kale. Kila asubuhi Amos Kigen aliipangusa mashine ile kwa kitambaa cha flana, polepole, kama mzazi anayempangusa mtoto uso kabla ya ibada. Sasa chumba kimefungwa. Watu husema mashine ilizeeka. Haikuzeeka, nami ningependa habari zake zielezwe na mtu aliyekuwapo, kwa kuwa habari za mashine hiyo ndizo habari za Kigen.

Nilimfahamu tangu akiwa mvulana wa kaptura. Alizaliwa karibu na Timboroa, mahali ambapo ukungu hulala juu ya miti mpaka saa ya chai ya asubuhi, na baba yake alikuwa kibarua wa reli. Katika shule ya misheni nilikofundisha, yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Hakuwapita wenzake kwa akili, lakini kengele yake haikuchelewa hata siku za mvua ya mawe. Alipomaliza masomo, Umoja ukampa kazi ya kubeba mfuko wa barua. Aliteremka posta, akafungua sanduku, akarudi na mfuko wa turubai begani, akazipanga barua za shule zetu juu ya benchi huku akisoma majina kwa sauti ya chini. Alizishika kama mzee wa kanisa ashikavyo sahani ya sadaka.

Kisha barua zikaacha kuja kwa mfuko. Mwalimu mmoja wa hesabu, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa akijiandaa kurudi kwao. Akatuachia seva, na kabla ya kuondoka akakaa na Kigen muhula mzima akimfundisha kuitunza. Kigen hakuyasomea mambo hayo chuoni. Aliijua mashine ile kama mtu mwenye ng'ombe mmoja anavyomjua ng'ombe wake: mlio wake, tabia zake, na siku zake mbaya. Zaidi ya hiyo hakuijua mashine nyingine, wala hakutamani kuijua.

Hapa yanipasa nieleze habari ya mto, maana bila mto hakuna atakayeelewa yaliyotokea. Kijito chetu hushuka kutoka kwenye misitu ya upande wa Timboroa na kupita kati ya mashamba ya ngano na mahindi kuelekea Kesses. Wamisionari walijenga kituo katika kila ng'ambo. Wale wa ng'ambo ya msitu waliwauliza wenyeji jina la mto, wakasikia, wakaandika Chemoset. Wale wa ng'ambo ya mashamba waliuliza vivyo hivyo, wakasikia neno lile lile kutoka vinywani mwa watu wale wale, wakaandika Jemoset. Hakuna aliyekosea. Katika lugha yetu sauti hizo mbili ni moja. Ulimi hauzitenganishi, wala sikio halizitafuti. Kalamu ndiyo iliyozitenganisha.

Lakini jambo likiisha kuandikwa kwenye vyeti vya ubatizo, kwenye malango ya shule na kwenye misalaba ya makaburi, huwa si la kalamu tena. Wasichana wa ng'ambo moja walikuwa Cherop na Chepkoech. Wa ng'ambo ya pili, Jerop na Jepkoech. Kila upande uliamini kwamba upande wa pili ulifundishwa vibaya. Mimi mwenyewe nilifundishwa J utotoni na kuja kufundisha Ch ukubwani, na hata leo mkono wangu husita kidogo kabla ya kuandika jina la mtoto wa mtu.

Shule za ng'ambo mbili zilipoungana, wazee walibishana juu ya herufi hiyo mpaka chai ikapoa mikutano mingi. Mwishowe walitengeneza kibao cha nyuso mbili. Uso mmoja uliandikwa Umoja wa Shule za Chemoset, uso wa pili Umoja wa Shule za Jemoset, na kikasimamishwa barabarani ili kila anayetoka kwao aone kwao. Yule mwalimu mgeni alipotuwekea seva alikitazama kibao hicho, akacheka kwa adabu, kisha akasajili majina yote mawili. Mtu wa msituni akiweka Ch kwenye simu yake, na mtu wa mashambani akiweka J, wote walifika kwenye seva moja na kuchukua barua zao. Tuliishi hivyo kwa amani, kama watu wa nyumba moja yenye milango miwili.

Basi tuje kwenye cheti. Sisi tuliosoma misheni twaweza kulielewa jambo hili bila shida. Ulipofika kwenye lango la shule ya bweni, uliombwa cheti cha ubatizo. Kilikuwa na jina lako na sahihi ya katekista. Katekista alijulikana na mchungaji, na mchungaji alijulikana na askofu. Mwalimu wa lango hakukujua wewe, ila alimjua askofu, ukaingia. Simu nayo hufanya hivyo. Ikifika kwenye seva huuliza: wewe ni nani, na nani anakushuhudia? Seva hutoa cheti chake cha usalama. Jina likiwa ndilo, na mashahidi wakiwa wanajulikana, barua hufunguka. La sivyo, hutokea onyo jekundu kwamba seva haitambuliki, na mtu hushauriwa arudi alikotoka.

Mwalimu mgeni alikuwa ameacha programu ndogo iliyoomba cheti kipya kila cha zamani kilipokaribia kwisha. Hakuna aliyeiona ikifanya kazi, ilifanya tu. Mwaka huu, baada ya mashine kuwekewa mfumo mpya, programu hiyo ilikufa kimya kimya, na cheti kikaisha muda. Kigen aliagiza kingine kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika jina la seva, akakipokea cheti, akakiweka mahali pake, akafungua barua zake kwenye simu yake. Zikafunguka. Akaenda kunywa chai.

Kabla hajaimaliza, alipigiwa simu na Madam Jepchumba, mwalimu mkuu wa shule yetu ya wasichana upande wa Kesses. Nilikuwa nimeketi hapo na Kigen, nikasikia yote, kwa kuwa Madam hana sauti ndogo.

"Kigen, barua zangu zinakataa. Hii simu inaniambia nijihadhari, eti hujulikani."

"Hapa kwangu zinafunguka, Madam."

"Zinafunguka kwako. Wewe ndiye mkuu wa hii shule?"

"Hapana, Madam."

"Basi usinipe habari za kwako."

Siku zilizofuata walipiga wengine, na wengine, na hatimaye malalamiko yakamfikia mwenyekiti wetu, Mzee Kimeli, mkulima wa ngano kutoka ng'ambo ya mashamba. Mzee Kimeli si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu wakati wa kupalilia. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imekwisha kutuomba tuhamishie barua zetu kwenye mashine zake, na baadhi ya wanahalmashauri walikuwa wameanza kuipenda kauli yake. Mimi hukaribishwa katika halmashauri kama mzee wa Umoja. Nina kiti, sina kura.

"Tukikutana mwisho wa mwezi na onyo bado lipo," akasema Mzee Kimeli kikaoni, "tunazima hiyo seva, tunahamia kwa hao wengine."

"Na Kigen?" nikauliza.

"Kigen ni mtu wa seva, Mwalimu. Seva ikienda atabaki akipangusa nini?"

Watu wakacheka kidogo. Kigen, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akacheka pamoja nao, kwa sababu ya heshima.

Tangu siku hiyo nilizoea kwenda kuketi naye katika kile chumba, maana mstaafu hana pa kukimbilia. Ilikuwa majira ya mvua. Matone yalipiga mabati mpaka tukalazimika kupaza sauti. Kigen alianza na saa ya mashine, kwa kuwa mashine yenye saa mbovu yaweza kukiona cheti cha leo kuwa cha kesho. Saa ilikuwa sawa. Akatazama kama ufunguo wa siri uliomo ndani ya mashine unalingana na cheti. Ulilingana. Akatazama cheti cha kati, kile kinachosimama kati ya seva na shahidi mkuu, kama alivyosimama katekista wetu. Kilikuwapo. Akawasha huduma ya barua upya, akampigia Madam Jepchumba.

"Jaribu sasa, Madam."

Tukangoja. Tulimsikia akipumua, na nyuma yake kengele ya shule ikilia.

"Imekataa."

"Imekataa vilevile?"

"Vilevile. Haina hata aibu."

Kigen aliiweka simu mezani, akaitazama. Laiti angaliona kosa, angalipata mahali pa kuanzia. Lakini kila alichokigusa kilikuwa sawa, na kwake mwenyewe kila kitu kilifunguka, na hilo ndilo lililomwondolea usingizi. Alikonda. Akaanza kuzungumza na mashine, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akiiuliza kwa Kiswahili cha adabu ni nini kinachoisumbua.

Karani wa ofisi yetu ni Bi. Wacera, mwanamke wa makamo ambaye wazazi wake walikuja hapa kutoka Nyeri kufungua duka. Yeye husema jambo zito kwa mzaha, ndiyo maana watu huchelewa kulisikia.

"Kigen, mashine yako imechagua kanisa," akasema siku moja, akileta chai. "Wanaolia wote ni wa mashambani. Huko msituni kumenyamaza kama Ijumaa Kuu."

Kigen akainua kichwa. "Ni kweli. Wote ni wa upande wa Kesses."

"Mimi nimesema tu."

"Basi ni mtandao wa huko. Ule mnara wao una shida."

Kesho yake akapanda kwenda shuleni kwa Madam Jepchumba, akarudi jioni akiwa mtu mwingine. Uso ulikuwa umefunguka. Alinieleza kwamba aliichukua simu ya Madam mkononi, akafuta mipangilio yote ya barua, akaiandika upya mwenyewe tangu mwanzo. Barua zikamiminika, za wiki nzima. Madam alimpikia chai ya maziwa na kumpa mayai. Mnara haukuwa na kosa lolote, akasema. Ilikuwa mipangilio tu. Tukaagana kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata Madam akapiga simu.

"Imerudi kukataa."

"Madam, jana si tulifungua pamoja?"

"Tulifungua. Lakini jana usiku nimeona uliandika jina vibaya, nikarekebisha. Sasa imekataa tena."

"Niliandika vibaya wapi?"

"Si mahali kubwa. Herufi tu. Nimeshaiweka vizuri, hiyo si shida. Shida ni hii onyo."

Wote wawili waliamini kwamba hiyo si shida. Nami nilikuwa nimeketi pale pale nikisikia, mtu niliyefundisha imla maisha yangu yote, na neno hilo likanipita. Kigen alikata simu, akaanza upya kutazama saa ya mashine.

Kufikia hapo maneno yalikuwa yameanza kupita mashambani. Hayakusemwa kwa ukali. Yalisemwa nje ya kanisa baada ya ibada, watu wakifunga vifungo vya makoti. Kwamba wenzetu barua zao zinapita. Kwamba anayeshika seva ni wa kule. Kwamba kijana ni mpole, naam, lakini mpole naye ana kwao. Niliposikia nilinyamaza, maana nilidhani maneno ya namna hiyo hufa yenyewe yasipolishwa.

Juma la mkutano lilipofika, Kigen alikuwa amekwisha kukata tamaa. Mchana mmoja mkewe alipita ofisini akitoka mjini. Ni fundi wa kushona, naye ni mzaliwa wa ng'ambo ya mashamba. Kigen alivuka mto kumwoa, na mimi nilikuwa mmoja wa wazee waliokwenda kumposa. Alikuwa amebeba hotpoti ya chakula, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Wamenikataa, Baba Cherono," akasema, maana humwita kwa jina la binti yao.

"Nani wamekukataa?"

"Benki. Nilienda kuandikwa mtia sahihi wa kikundi chetu cha ushonaji. Eti kitambulisho kinasema Cherop, cheti cha ndoa kinasema Jerop. Yule kijana ananiuliza, Mama, na huyu mwingine ni nani? Nikamwambia ni mimi. Akasema kompyuta haijui hivyo."

Bi. Wacera akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Afadhali wewe. Mimi kwetu ni C peke yake, na watu wa hapa wananiongezea h bila kuulizwa. Nikikataa, wanasema nina maringo."

"Lakini ni jina moja," akasema Jerop. "Mtu akiniita mojawapo naitika."

"Wewe unaitika, Mama Cherono. Kompyuta haina masikio."

Kigen alikuwa ameinua kijiko. Akakiweka chini. Aliinuka, akaingia katika chumba cha seva, nasi tukamfuata hadi mlangoni. Alifungua cheti kwenye kioo cha mashine na kuweka kidole chini ya jina, kama mtoto wa darasa la kwanza. Chemoset. Akachukua simu yake, kwenye jina la seva akafuta herufi mbili na kuandika moja mahali pake. Onyo jekundu likatokea. Ndiyo mara ya kwanza aliyoliona kwa macho yake mwenyewe.

Sote tulikuwa tumelisoma jina lile kwenye cheti, yeye mara nyingi kuliko wote, na kila mara tulikuwa tumesikia badala ya kuona. Cheti cha zamani, alichokiomba yule mgeni, kilikuwa na majina yote mawili. Kigen alipoandika lile moja, moyo wake ulimwambia kwamba ameyaandika yote mawili, kwa kuwa kwake halikuwapo lingine.

"Mama Cherono," akasema, akimtazama mkewe, "si wewe peke yako uliyekataliwa."

Aliagiza cheti kingine mchana ule ule, akaandika majina yote mawili, na kilipokuja akakiweka. Siku ya kuamkia mkutano alimpigia Madam Jepchumba. Zikafunguka. Madam akauliza, "Ulifanya nini?"

"Nitaeleza mkutanoni, Madam."

Ndipo Bi. Wacera alipomvuta kando, na mara hiyo hakuwa akitania.

"Kigen, sikiza. Kesho useme mashine ilikuwa mgonjwa, imepona. Mashine haitakasirika ikisingiziwa."

"Wakiniuliza ugonjwa gani?"

"Watu bomba likifunguka huchota maji. Hakuna anayeuliza lilizibwa na nini. Na wakiuliza, taja yale maneno yako magumu. Sijui ufunguo, sijui cheti cha kati. Watatikisa vichwa."

"Lakini haikuwa hivyo."

"Ndiyo maana nakuambia."

Akanigeukia mimi, akitaka nimuunge mkono. Nilisema kwamba kila mtu na ajue namna ya kujibu akiulizwa. Lilikuwa jibu la mzee, lisilo na msaada kwa yeyote.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa ofisi, na jiko la makaa kati ya viti, kwa sababu ya baridi. Mzee Kimeli alifungua kwa sala, kisha akawaomba wote wafungue barua zao kwenye simu. Wakafungua, wa msituni na wa mashambani. Hapakuwa na onyo. Watu wakapumua, mmoja akapiga makofi. Kigen alikuwa mlangoni kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilimwona amesimama wima.

"Tumshukuru Kigen," akasema Mzee Kimeli, na alisema kwa moyo safi. "Naona hilo la kuhama tunaweza kuliweka kando. Lakini kabla hatujafunga, tuambie ilikuwa nini, isije ikarudi."

Bi. Wacera aliyekuwa akiandika aliinua macho. Kigen alitazama sakafu, kisha akamtazama mwenyekiti.

"Ilikuwa cheti, Mzee. Jina halikutimia."

"Halikutimia namna gani?"

"Cheti hakikuwa na Jemoset."

"Kilikuwa na nini?"

"Chemoset."

Hapo ukumbi ulibadilika. Nilisikia viti vikisogezwa.

"Nani alikiandika?" Mzee Kimeli akauliza.

"Mimi."

"Ukasahau Jemoset."

"Sikuisahau, Mzee. Nilidhani nimeiandika."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo tangu siku ile. Yalikuwa ya kweli kabisa, na hapakuwa na mtu ukumbini, ila mimi na Bi. Wacera, aliyeweza kuyasikia kuwa ya kweli.

"Ulidhani umeiandika," akasema Madam Jepchumba taratibu. "Mimi jina langu linaanza na J. Ukitaka kuniandika utaandika Chep, kisha useme umedhani?"

"Hapana, Madam."

"Ulikuja kwangu. Ukanywa chai yangu. Ukaandika hiyo Ch yenu ndani ya simu yangu, nami nikidhani ni kidole kimeteleza."

"Kilikuwa kidole, Madam."

"Mke wako ni wa kwetu," akasema Mzee Kimeli, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Ulimkuta akiitwa Jerop. Na mtoto mkamwita nani?"

Kila mtu pale alimjua Cherono.

Mwakilishi mmoja wa ng'ambo ya msitu akauliza kwani Ch ina ubaya gani, na hilo likawa kama mafuta ya taa kwenye makaa. Kukasemwa mambo ya lango la shule, na ya kaburi la mchungaji fulani, na ya nani aliyefika mtoni kwanza. Niliomba ruhusa, nikasimama, nikaeleza habari ya wamisionari na kalamu zao, jinsi nilivyoieleza hapa. Walinisikiliza kwa heshima nyingi. Walipokwisha kunisikiliza wakapiga kura. Wa mashambani waliinua mikono kwa uchungu, na baadhi ya wa msituni wakainua pia, wakitaka tu kelele ziishe. Seva izimwe, barua zihamie kwa kampuni ile, na Kigen ashukuriwe kwa utumishi wake.

Alipewa muda wa kumalizia. Siku ya mwisho nilikuwa naye. Alingoja mpaka barua zilizokuwa njiani zikafika, maana hakutaka ya mtu ibaki nje mlango ukifungwa. Kisha akaipangusa mashine kwa kile kitambaa, akaizima. Sikuwa nimejua kwamba chumba kile kilikuwa na mlio mpaka ulipokoma.

Kampuni ile mpya iliuliza swali moja tu kabla ya kuanza: barua za Umoja zitumie jina gani? Halmashauri ilikutana mara kadhaa kulijibu, haikuweza. Hivi sasa shule za msituni zina barua zao na shule za mashambani zina zao, na tukitaka kukubaliana siku ya michezo hupigiana simu, mara nyingi tukikosana. Kibao cha barabarani kiling'olewa ili kipakwe rangi upya. Kimeegemezwa ukutani nyuma ya ofisi, uso mmoja ukitazama matofali, na ningeomba nisiulizwe ni upi.

Kigen amerudi Timboroa kwenye shamba la baba yake, anapanda viazi. Jerop amebaki mjini na cherehani yake, na benki bado haimjui. Nilipopanda kumtembelea Kigen, tuliketi kando ya moto tukazungumza habari za kengele na za mfuko wa turubai. Hakulalamika juu ya mtu. Aliniuliza tu kama chumba hakivuji, nikamwambia hakivuji.

"Kile cheti," akasema baadaye, "hakijaisha muda, Mwalimu. Ni halali mpaka mwakani. Kina majina yote mawili."

Nikamwambia najua. Ukungu ulikuwa umeshafika mlangoni, akaenda kuufunga.